Msumeno wa injini kwa kazi ya kuni: wa Kichina, MS 250, au kuruka hadi cc 72?

Wengi wanaoulizia msumeno wenye nguvu zaidi tayari wana mmoja nyumbani. Ni mdogo, mara nyingi Stihl MS 170 au MS 180, ulionunuliwa kwa kupogoa miembe na kukata kuni za jikoni, na sasa kazi imeuzidi. Shule imeagiza lori la kuni kabla muhula haujafunguliwa, mchoma matofali anataka magogo mazito, na kile kimsumeno kinalia juu ya mkaratusi mpaka fundi wa jirani anageuka kutazama. Swali linalofuata ni la pesa. Mtu ana laki kadhaa za shilingi za Uganda mkononi, milioni hana, na dukani anaonyeshwa pawaso ya Kichina iliyoandikwa cc 58 (ukubwa wa injini), yenye bledi, ile pau inayobeba mnyororo, ndefu kuliko ya Stihl anayoitamani. Aichukue?

Ukikata siku mojamoja, ichukue, lakini ufunge bledi fupi. Kama kuni ndizo zinazolipa karo ya watoto, basi usinunue cha katikati, kama Stihl MS 250: vumilia na ulicho nacho, changa na mwenzako, mwende moja kwa moja kwenye cc 72. Wauzaji wengi watakupa ushauri tofauti, kwa sababu cha katikati ndicho kinachotoka haraka dukani.

Pima magogo kwanza

Gogo la kipenyo cha sentimita 20 lina uso wa kukata wa kama sentimita za mraba 314. La sentimita 40 lina 1,257. Kwa macho limezidi mara mbili, kwa mnyororo limezidi mara nne. Ndiyo maana msumeno uleule uliokuwa ukila miti ya pembeni bila shida unaonekana umezeeka ghafla siku mnapoingia kwenye miti minene ya katikati ya shamba.

Kwa hiyo zunguka na futi ya fundi cherehani. Kuni nyingi zinazoingia shuleni na kwenye viwanda vya chai vya upande wa Fort Portal na Bushenyi ni mikaratusi ya kupandwa, kalitunsi kwa Waganda, inayovunwa ikiwa bado kijana. Ukipima utakuta mingi iko kati ya sentimita 15 na 25. Miti hiyo haihitaji mnyama wa cc 72 kwa sababu ya unene wake. Ikiwa utahitaji injini kubwa, ni kwa sababu ya wingi wa kazi, na hayo ni mambo mawili tofauti ambayo watu huyachanganya. Mwembe mzee, mfenesi uliokufa, kisiki cha musizi au cha mvule kilichoachwa na wapasua mbao, hivyo vina hesabu yake.

Jambo jingine: kata mkaratusi ukiwa mbichi. Mbichi unakatika kirahisi na unapasuka kwa shoka bila ugomvi. Ukiuacha miezi ukauke ndipo uukate vipande, umejiongezea kazi ambayo hakuna anayekulipa. Ukauke baada ya kupasuliwa.

Halafu tazama kinachotoka chini ya msumeno wako wa sasa. Ukitema vipande vya mti, mnyororo ni mkali. Ukitema unga kama wa mahindi, tatizo si injini. Mnyororo butu unaweza kuufanya msumeno wa milioni uonekane wa laki, na tupa haigharimu hata robo ya tangi la mafuta ya boda. Minyororo myembamba ya MS 170 na 180 inataka tupa ya mm 4.0, ile ya hatua (kipimo cha mnyororo kwa inchi) ya .325 inataka mm 4.8, na ya 3/8 ya misumeno mikubwa ya Stihl inataka mm 5.2. Piga tupa kila unapojaza tangi, midundo miwili mitatu kwa kila jino, kwa pembe ya digrii 30, ukisukuma kwenda mbele tu. Vile vidole vidogo vilivyo mbele ya kila jino navyo vinashushwa, viwe chini ya ncha ya jino kwa mm 0.65 hivi. Watu hukisahau kipande hicho, kisha wanalalamika kwamba mnyororo umenolewa na bado haushiki mti.

Na kama MS 180 yako ina bledi ya inchi 16, weka ya 14 au 12. Injini ile ile itavuta mnyororo mfupi zaidi, na utadhani imefanyiwa ukarabati. Ukishafanya hayo yote na bado inazimika ndani ya gogo, sasa tuzungumze kununua.

Namba zilivyo

| Msumeno | Injini (cc) | Nguvu (kW) | Uzito bila bledi (kg) | Bledi inayoufaa (inchi) |
|---|---|---|---|---|
| Stihl MS 180 | 31.8 | 1.4 | 4 na kidogo | 12–14 |
| Wa Kichina, "52" au "58" | 52 na ushee | kwa lebo, 1.8–2.6 | 5 na kidogo | 16–18 |
| Stihl MS 250 | 45.4 | 2.3 | 4.6 | 16 |
| Husqvarna 272 XP | 72.2 | 3.6 | 6.3–6.5 | 20–24 |
| Stihl MS 381 | 72.2 | 3.9 | 6.6 | 20–25 |
| Stihl 070 | 106 | 4.8 | zaidi ya 10 | 25 na zaidi |

Safu ya kutazama ni ya kW. Hiyo cc ni ukubwa wa chumba tu. kW ndiyo kazi inayotoka humo. Tazama MS 250: chumba chake ni kidogo kuliko cha msumeno wa Kichina, lakini nguvu yake ni ileile au inazidi, tena bila kutia chumvi. Muuzaji akikutajia "hosi pawa", zidisha kW kwa 1.34 ulinganishe mwenyewe. Akikutajia inchi za bledi kama dalili ya nguvu, mwache aendelee kusema huku wewe ukitazama kitu kingine.

Kuhusu hiyo 58. Misumeno mingi ya Kichina ya kundi hili ni nakala ya muundo wa zamani wa Zenoah wa Japani, na si muundo mbaya. Ila "52" huwa na silinda ya mm 45, na "58" huwa na silinda ya mm 45.2. Fanya hesabu mwenyewe: kipenyo mara kipenyo, mara 0.785, mara mwendo wa pistoni, vyote kwa sentimita. Silinda ya 4.5 na mwendo wa 3.3 inakupa cc 52. Ukitaka 58 kwenye silinda ya 4.52, pistoni ingebidi itembee mm 36, na ukiingiza kijiti kwenye tundu la plagi ukapima juu na chini, mara nyingi haifiki hapo. Kwa maneno mengine, unalipia namba iliyochapwa kwenye plastiki. Kama 52 ni rahisi kuliko 58 duka lilelile, chukua 52.

Wa Kichina na MS 250, uso kwa uso

Hapa ndipo wengi wenye bajeti ndogo wanaposimama, kwa hiyo tukae kidogo.

Wa Kichina unahesabiwa kwa laki. MS 250 ya kweli, kutoka kwa wakala anayetambulika, ni pesa nyingine kabisa, ingawa haijafika ya 381. Nguvu ni karibu sawa. Tofauti inaanza kuonekana mkononi: MS 250 ni nyepesi, inatetemeka kidogo, inawaka asubuhi ya baridi bila kumtoa mtu jasho, na breki ya mnyororo inashika kweli. Baada ya miaka ukitaka kuiuza, kuna atakayeinunua, na kwa bei ya heshima.

Wa Kichina una faida moja ambayo wapenzi wa Stihl hawapendi kuisikia. Spea zake ziko kila mahali, na ni za bei ya kitoto. Seti nzima ya silinda na pistoni, kabureta, klachi, kamba ya starta, vyote utavipata Kampala kwa siku moja, na hata huku Masindi na Bweyale mwenye duka la spea za bodaboda mara nyingi anavyo au anaagiza vikaja na basi la jioni. Fundi yeyote aliyewahi kufungua injini ya Bajaj anaweza kuufungua. Kwa mtu aliye mbali na wakala, hilo lina uzito kuliko jina kwenye kifuniko.

Ubaya wake ni kwamba unatoka kiwandani haujamalizika. Fundi wa kule alifunga boliti akaenda nyumbani. Kwa hiyo siku ya kwanza usikimbilie shambani. Kaza boliti zote, hasa za sailensa na zile zinazoshika kabureta. Washa, uchape tangi moja kwa kazi nyepesi, uzime, upoe, ukaze tena. Boliti ya sailensa ikilegea, joto linatafuna plastiki ya karibu na unaanza kutafuta spea kabla hujauza hata mzigo mmoja. Badilisha plagi, weka ya jina linalojulikana. Mpira wa kupitishia mafuta ukiuona mgumu au una ufa, utupe. Mnyororo uliokuja nao tumia kujifunzia, kisha nunua mzuri: chuma cha ule wa kwanza huwa laini na hakikai na makali.

Na ile bledi ya inchi 22! Imewekwa kuvutia macho. Injini ya kW 2 ikivuta bledi ya inchi 22 iliyozama yote ndani ya mti mgumu inachemka, mtu anakandamiza, klachi inaungua, na lawama zinaenda China. Funga ya 18, au 16 kama magogo yako ni ya mikaratusi michanga. Ya inchi 18 inaweza kukata gogo nene kuliko yenyewe, unaingia upande huu kisha upande wa pili.

Mchanganyo wa mafuta nao unatofautiana. Stihl na oili yake ni 50 kwa 1: lita moja ya petroli, mililita 20 za oili. Wa Kichina, kitabu chake kwa kawaida kinataka 25 kwa 1, yaani mililita 40 kwa lita. Ukiwa na misumeno yote miwili nyumbani, tenga vidumu viwili na uandike kwa rangi, maana anayechanganya si wewe kila siku. Petroli iliyochanganywa usiitunze zaidi ya mwezi. Oili iwe ya 2T, ya injini za mipigo miwili, yenye chapa kamili kwenye chupa, si ile inayopimwa kwa kikombe kutoka kwenye pipa.

Sasa uamuzi wangu kati ya hii miwili. Mwenye kukata kuni za nyumbani, za mama mwenye hoteli ndogo, au mzigo mmoja wa pikapu mara mojamoja: wa Kichina wa 52 na bledi ya 18 unatosha, na pesa iliyobaki ni ya minyororo. MS 250 ningeinunua kama niko karibu na wakala, kama shamba ni langu mwenyewe na nataka chombo kinachodumu bila kunisumbua. Lakini kwa biashara ya kila siku, MS 250 siipendekezi, ingawa ni msumeno mzuri. Haikujengwa kwa kukata kutwa nzima. Sehemu ya chini ya injini imeshikwa ndani ya mwili wa plastiki, wakati 381 ina mwili wa chuma chepesi ambao ndani yake shafti imeshikwa imara. Utailipia bei ya karibu nusu ya safari, kisha mwaka ujao uanze tena kuitafuta 381 uliyokuwa ukiikwepa.

Kuruka hadi cc 72

MS 381, au ndugu yake mpya MS 382 ambaye ni mwepesi kidogo kwa kilo 6.2, ina kW 3.9. Ukilinganisha na 2.3 za MS 250, hiyo ni nyongeza ya asilimia 70 kwenye mnyororo. Gogo la sentimita 40 linapita bila kubembeleza. Muhimu zaidi kwa mfanyabiashara, injini haifanyi kazi ikiwa imebanwa koo. Inavuta kwa nafasi, ikibaki na akiba, na injini isiyochemka hudumu.

Watu huogopa mafuta yake. Ni kweli kwamba kwa saa moja inakunywa zaidi. Lakini saa hiyo imetoa kuni zaidi. Ukihesabu kwa lori badala ya saa, tofauti inapungua mpaka haistahili mabishano. Kinachostahili kuogopwa ni uzito. Kilo 6.6, ongeza bledi ya inchi 20 na mnyororo wake, jaza petroli na oili: unabeba karibu kilo 9 siku nzima, ukiinama. Kama anayekata ni mmoja na magogo ni membamba, mgongo wake utalipa kwa nguvu ambayo haitumiki.

Husqvarna 272 XP ni kijana wa zamani, muundo wa miaka ya 1980, na kwa mwenye bajeti ndiye mlango wa nyuma wa kuingia kundi hili. kW 3.6, tofauti na 381 ni ndogo, na mkononi unahisi mwembamba zaidi. Ukiupata wa mitumba wenye injini nzima, ni ununuzi mzuri kuliko MS 250 mpya kwa mtu wa biashara. Viwanda vya China vinatoa spea za kuiga za 272, 381 na 070 kwa wingi, kwa hiyo hutakwama. Ila zile za ndani ya injini, kama pistoni na pete zake, tafuta za asili au za chapa inayoaminika, na za kuiga ziwe za vifuniko na vishikio.

Wa mitumba unapimwa hivi. Zima, shika mpini wa kamba ya starta, uunyanyue msumeno wote kwa kamba. Kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda, ikiwa nzuri msumeno utaning'inia au utashuka taratibu kwa vipande. Ukishuka moja kwa moja kama ndoo kisimani, mrudishie mwenyewe. Fungua sailensa, zile boliti mbili tatu, umulike tochi kwenye tundu la kutolea moshi: pistoni iwe inang'aa bila mikwaruzo ya wima. Mikwaruzo maana yake mtu aliuendesha bila oili ya kutosha. Washa, uache ungurume wenyewe, uulaze upande huu na ule. Mlio ukibadilika ukipanda juu, kuna hewa inayoingia mahali isipotakiwa, na injini hiyo inajikausha. Mnyororo usizunguke wakati msumeno unanguruma tu. Piga breki ya mkono, vuta mafuta kidogo, mnyororo usimame.

Stihl mpya "ya bei nafuu" barabarani ina hatari yake. Nakala zipo, zimepakwa rangi ileile ya chungwa na nyeupe. Mahali palipoandikwa pa kutengenezwa hapatoshi kuutambua, kwa sababu Stihl yenyewe ina viwanda Ujerumani, Brazili, Marekani na hata Qingdao, China. Tafuta namba ya msumeno iliyogongwa kwenye mwili wa injini, si kwenye stika tu. Herufi za jina ziwe zimeumbwa pamoja na plastiki na kingo zake ziwe safi. Na bei: 381 mpya ikiuzwa kwa bei ya karibu na ya Kichina, ni ya Kichina. Hilo halihitaji upelelezi. Nakala hiyo inaweza hata kukata vizuri, lakini inunue kwa bei ya nakala.

Yale ya kupita haraka

Ile 070 ya zamani na nakala zake za cc 106, zinazopasua mbao za mvule msituni: kwa kuni, hapana. Ni nzito kupita kiasi, mnyororo wake wa .404 ni mnene na unageuza kuni zako kuwa unga, na nyingi hazina breki ya mnyororo. Mwachie mpasua mbao.

Ya umeme ya waya, ya wati 2,000, inadharauliwa bila sababu. Shule ambayo magogo yanaletwa hadi uani, na Yaka (umeme wa kulipia kabla) imejazwa, inaweza kukatia kuni hapohapo kwa chombo cha bei ndogo, bila kabureta, bila moshi kuingia madarasani. Waya uwe mnene na usiwe mrefu kupita kiasi, la sivyo mota inaungua. Umeme ukikatika unakaa unasubiri. Vile vya betri vya bledi ya inchi 4 au 6 vinavyotangazwa kwenye simu ni vya kupogoa kahawa na maua.

Mwinuko unakula nguvu

Jambo hili wauzaji hawalitaji kabisa, na Uganda si nchi ya pwani. Hewa inapungua kadiri unavyopanda, na injini hupoteza karibu sehemu ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kampala iko kama mita 1,200. Kabale ni zaidi ya 1,800, na Kisoro na Kapchorwa haziko mbali na hapo. Ile MS 250 ya kW 2.3 ikifika Kabale imebaki na kama 1.9. Wa Kichina unashuka vivyo hivyo kutoka kwenye namba ambayo tayari ilikuwa ya kujisifu.

Tena, msumeno uliorekebishwa chini ukipandishwa juu unapata petroli nyingi kuliko hewa: unatoa moshi mzito, plagi inakuwa nyeusi, mlio unakuwa wa puani. Fundi anapunguza kidogo sukurubu ya H, ile ya petroli ya mwendo wa kasi, kwenye kabureta. Ukirudi bondeni irudishwe, kabla ya kukata, kwa sababu mchanganyo mkavu, wenye petroli kidogo, ndio unaounguza pistoni. Kwa hiyo mtu wa Kigezi, upande wa Kabale, anayekata miwati na mikaratusi ya mlimani ajihesabie ngazi moja juu ya mwenzake wa Soroti kule chini kwa kazi ileile.

Pesa inayobaki

Usiimalize yote kwenye msumeno. Bajeti iliyoisha dukani ni msumeno utakaokata wiki ya kwanza tu. Nunua minyororo miwili ya akiba siku hiyohiyo, na kabla ya kuondoka soma namba tatu zilizogongwa kwenye mkia wa bledi: hatua ya mnyororo, unene wa ulimi wake, na idadi ya ndimi. Zipige picha kwa simu. Muuzaji wa mnyororo akikuuliza "ya inchi ngapi, kaka?" umwonyeshe picha hiyo, maana inchi pekee hazitoshi, minyororo miwili ya inchi 18 inaweza isiingiliane kabisa.

Oili ya kulainisha mnyororo isiwe ile chafu iliyomwagwa na gereji. Ina vumbi la chuma, inaziba pampu, inatafuna bledi, na inarukia ngozi na mapafu ya anayekata. Oili mpya ya injini ya bei ya chini inatosha. Helmeti yenye wavu, viziba masikio na gambuti za ncha ya chuma ni sehemu ya bei ya msumeno. Anayekushika mkono kukuzuia usinunue injini kubwa si adui; bledi ndefu ikigusa gogo kwa ncha yake ya juu inarudi usoni haraka kuliko mtu anavyoweza kuachia, na injini ya kW 3.9 inairudisha kwa nguvu zake zote.

Jua pia unakwenda kukata mti wa nani. Msumeno mkubwa unavutia watu kuingia kwenye miti mikubwa ya asili, na huko kuna Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003, kuna NFA (mamlaka ya taifa ya misitu), na kwa upande wa kaskazini kuna amri ya Rais ya Mei 2023 iliyopiga marufuku mkaa wa biashara. Aliyepanga kulipia 381 kwa mkaa wa Acholi au Lango apange upya. Mkaratusi wa mtu, kwa makubaliano ya maandishi na kwa ujuzi wa ofisa misitu wa wilaya, hauna kesi.

Wawili mkiamua kuchangia 381, mgogoro hauanzi kwenye kununua, unaanza siku msumeno unaporudi butu. Kila mmoja awe na minyororo yake na aondoke nayo. Mchanganyo wa petroli aufanye mtu mmoja tu, kwenye kidumu kimoja. Hesabu matumizi kwa matangi na si kwa siku, kwa sababu siku ya mmoja ni saa mbili na ya mwenzake ni kutwa. Kwa kila tangi, kila anayetumia aweke kiasi kidogo mlichokubaliana kwenye mfuko wa matengenezo, wa plagi, filta ya hewa, sproketi (gurudumu la meno linalozungusha mnyororo) na bledi. Bledi igeuzwe juu chini kila mnyororo unapobadilishwa, ili isiliwe upande mmoja. Na fundi awe mmoja, mnayemjua wote wawili, aliyeoneshwa msumeno ukiwa bado mpya.